Thioksanthoni ya asilimia 97: unga mzuri, kiyeyushi ndicho cha kuangalia

Kwa kazi ya kuhamisha nishati ya tripleti (hali ya msisimko ambamo molekuli iliyofyonza mwanga hushikilia nishati kwa muda, kisha kuipasia molekuli nyingine ili imenyuke), unga huu wa njano hafifu tungeununua kabla ya bensofenoni, mshindani wake katika kazi hiyo. Bensofenoni hufyonza mwanga kidogo mno ukishapita nanomita 340. Kilele cha thioksanthoni kiko karibu na 380. Taa ya LED ya nanomita 385 au 395 na chupa ya kawaida ya kioo cha borosiliketi vinatosha, huhitaji kwatzi. Mwaka 2014 kundi la Thorsten Bach kule Munich lilitumia thioksanthoni yenye umbo la mkono mmoja (wa kushoto au wa kulia, kama glovu) kufunga pete kwenye molekuli ziitwazo kwinoloni kwa mwanga unaoonekana, na zao likatoka la mkono mmoja kwa wingi. Molekuli hii ina uwezo.

Ukifungua kopo, pima kwanza kiwango cha kuyeyuka. Safi huyeyuka kati ya nyuzi 210 na 213. Ikianza chini ya hapo na kuchukua nafasi pana, ina uchafu: iyeyushe katika tolueni ya moto, chuja, iache ipoe polepole itoe fuwele upya.

Mmumunyo wa akiba: miligramu 21.2 katika mililita 10 za daikloromethani, yaani milimola 10 kwa lita. Chukua maikrolita 50, jazia hadi mililita 10, pima kwenye kijisanduku cha sentimita 1. Ufyonzaji wa karibu 0.3 kwenye kilele unaonyesha umepima sawasawa. Katika mmenyuko wenyewe, asilimia 5 hadi 10 ya moli za malighafi inatosha. Ukirundika zaidi, mwanga wote unaishia ukutani mwa chupa na katikati kunabaki giza.

Oksijeni huiua tripleti. Pitisha naitrojeni dakika 20 kwa sindano ndefu inayofika chini, lakini ipitishe kwanza kwenye chupa nyingine ya daikloromethani, la sivyo kiyeyushi chako kinapeperuka na vipimo vyote vinaharibika.

Kosa linalowapata wengi ni alkoholi. Weka unga huu kwenye methanoli, uangazie: mmumunyo unang'aa buluu. Unapendeza macho, ila buluu hiyo ni nishati inayotoka kama mwanga badala ya kwenda kwenye tripleti. Ndani ya trifluoroethanoli hali ni mbaya zaidi. Baki na tolueni, daikloromethani au asetonitraili.

Angalia pia amini, misombo ya naitrojeni inayotoa elektroni kwa urahisi, kama trietilamini. Malighafi iliyopita kwenye silika iliyotulizwa kwa trietilamini ikibaki na chembe zake, thioksanthoni huichukulia elektroni na kuanzisha radikali (chembe zenye elektroni isiyo na mwenzi) usizozitaka, huku yenyewe ikiisha. Rangi ya njano ikififia kabla malighafi haijaisha, shuku amini kwanza.

Lawama yetu ni kwenye usafishaji. Zao lisilo na ncha za chaji hutembea na thioksanthoni bega kwa bega kwenye safu ya silika, na kulitenganisha kunakula siku nzima. Zao la aina hiyo lifanyie kazi kwa asilimia 2 tu ya moli, na uongeze saa za taa.