LocalSend: kurushiana mafaili bila bando, uzoefu wangu

Kwa anayechanganya Android, iPhone na laptopu ya Windows au Linux kwenye chumba kimoja, LocalSend ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Ni programu ya kurushiana mafaili, ni ya bure, haina matangazo, haidai akaunti, na msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuukagua. Faili halipiti kwenye seva ya mtu. Linatoka kifaa hiki na kuingia kile kwa Wi-Fi. Picha zinafika kama zilivyopigwa, hazibanwi kama WhatsApp inavyozibana. Ila zinaweza kufika pia na taarifa za mahali zilipopigwa, kama kamera ilizihifadhi, kwa hiyo angalia unamrushia nani.

Vifaa vyote lazima viwe kwenye mtandao mmoja. Pasipo ruta, simu moja iwashe hotspoti na nyingine zijiunge, na hapa ndipo bando la watu huteketea. Laptopu ikiunganishwa inadhani imepata intaneti, nayo inaanza kupakua masasisho kimyakimya. Zima data kwenye simu yenye hotspoti kabla hujaunganisha chochote. Kazi hii mpe mwenye Android, maana hotspoti ya iPhone inataka data iwe imewashwa. Simu zinazojiunga zitakuuliza kama ubaki kwenye Wi-Fi isiyo na intaneti. Jibu ndiyo. Ukilipuuza swali hilo, baadhi ya simu zinarudi zenyewe kwenye data na kutoweka kwenye orodha ya vifaa ndani ya LocalSend.

Kifaa kisipoonekana, usiikimbilie kuifuta programu. Wi-Fi nyingi za hoteli, vyuo na ofisi zimepangwa ili watumiaji wasionane: intaneti inafunguka vizuri, lakini simu haiioni simu iliyo pembeni yake. Hilo hulirekebishi kwenye simu, hamia hotspoti. Kwenye Windows, angalia kama mtandao umewekwa kuwa wa umma. Ubadilishe uwe wa binafsi, kisha ruhusu porti 53317 (mlango ambao LocalSend hupitia), TCP na UDP, kwenye ukuta wa moto (firewall), yaani kizuizi cha Windows cha miunganisho. Kwenye iPhone, ingia kwenye mipangilio uruhusu programu kufikia mtandao wa ndani. Swali la ruhusa hiyo huja mara ya kwanza tu na wengi hulikataa bila kulisoma. VPN, programu inayopitisha mtandao wako kwenye seva nyingine, nayo izimwe. Ikishindikana yote, andika anwani ya IP ya mwenzako, yaani namba ya kifaa chake kwenye mtandao, kwa mkono, kwani utafutaji wa vifaa unaweza kukwama wakati njia ya kurushia iko wazi.

Kwa usalama naipa alama za juu. Kila kifaa kinajitengenezea cheti chake na data inasafiri kwa HTTPS, yaani ikiwa imefichwa kwa msimbo, hivyo aliye kwenye Wi-Fi hiyohiyo haoni kilichomo. Udhaifu uko kwenye majina. Programu inakupa jina la kubahatisha, sifa moja na tunda moja, na yeyote anaweza kulibadilisha lake lifanane na la mwingine. Kabla ya kubonyeza, muulize mwenzako, "Wewe ni namba ngapi?" Namba hiyo yenye alama ya # ni mkia wa anwani yake ya IP. Penye watu wengi, weka PIN ya kupokelea na uache Quick Save (kupokea bila kuuliza) ikiwa imezimwa, la sivyo simu itapokea kila kinachotupwa. Tena, usimbaji fiche unalinda njia tu. APK (faili la kusakinisha programu ya Android) yenye virusi itafika salama salimini na virusi vyake.

Kasi inategemea masafa ya Wi-Fi. Kwa MB 4 kwa sekunde, kasi ya kawaida kwenye GHz 2.4 iliyosongamana, GB 1 inachukua zaidi ya dakika 4. Kwa MB 25 kwenye GHz 5, sekunde 40. Ukiwarushia watu watano kwa pamoja, kila mmoja anavuta nakala yake na kasi inagawanywa, kwa hiyo usishangae. Asiye na programu mpe kiungo akifungue kwenye kivinjari.

Kinachoninyima raha ni kwamba faili likikatika katikati linaanza upya. Mtandao ukiwa dhaifu, rusha folda bila kuifunga kuwa zip moja, ili yaliyokwisha kufika yabaki. Mtandao ukiwa imara na folda ina maelfu ya vipicha, ifunge, maana kila faili dogo linatumwa kivyake na muda unapotea humo. Kwenye iPhone, usiiache programu ikaenda nyuma kabla hujamaliza. Na kama unahifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu iliyofomatiwa kwa FAT32 (mfumo wa zamani wa kupanga mafaili), faili la GB 4 na kuendelea halitaingia, hata kasi iwe ya namna gani.

Mkiwa na Android tupu, wawili tu, Quick Share, huduma ya Android ya kurushiana mafaili, inatosha na haihitaji ruta wala hotspoti.