Tembo wa bibi: nilivyompeleka kwa mtathmini wa sarafu

Bibi alipofariki, mimi niliangukiwa na kidani chake cha Idd: sarafu ya dhahabu ya rupia 15, tembo kanyanyua mkonga mbele ya mlima, chini 1916 na herufi T. Kwetu tunaiita "tembo" tu. T ni Tabora, ambako Wajerumani waliigonga kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke vita ikiwa imewazibia bahari. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji.

Sonara wa kwanza aliipima, akasema karati 18, akanitajia bei ya kuyeyusha. Karati alipatia, maana sarafu hizi ni robo tatu dhahabu. Ila katika bei ile tembo hakuwa na hata senti yake.

Ndipo nikaelekezwa kwa mtathmini mmoja Dar, anayetoza 50,000 kwa sarafu. Aliishika ukingoni kwa vidole viwili, na nilipotaka kumwonyesha tai wa upande wa pili akaurudisha mkono wangu taratibu. Mizani ikasoma gramu 7.4, wakati inatakiwa 7.17 hivi. Nikajua bibi alivaa feki maisha yake yote! Akaigeuza ukingo: juu kabisa, pale kishikio cha mkufu kilipokuwa, kumebaki kivimbe cha lehemu, ndicho kilichozidisha uzito.

Pesa yangu niliiona ilipofika zamu ya lenzi. Bawa la tai limefifia, nami nilidhani ni kuchakaa. Kumbe limetoka hivyo kiwandani. Mitambo ya Tabora ilikuwa ya kuungaunga, haikugonga sawasawa. Halafu akanionyesha vikwaruzo kama nywele, vyote vimelala upande mmoja.

"Hii nani kaisugua?"

Nikanyamaza. Ni mimi, kwa dawa ya meno, wiki ya arobaini.

Jibu lake: ni halisi, hali ya wastani, ila lehemu na ule msuguo vimeishusha thamani kwa wakusanyaji. Lehemu akasema nisiikwangue.

Kasoro ipo. Ripoti ya siku 3 ilinifikia siku ya 16, kila nikipiga "nipo njiani," na ilipokuja uzito haukuandikwa, ikabidi nimrudie. Nampa nyota 4.

Shangazi ameshauliza mara mbili kishikio kitarudi lini, Idd imekaribia.