Uraia kupitia babu na bibi: Ireland au Italia?

Kama ukoo wako una pande zote mbili, anza na Ireland. Swali la msingi ni moja: je, babu au bibi yako alizaliwa kwenye kisiwa hicho? Kama ndiyo, kusanya vyeti vyake vya kuzaliwa, ndoa na kifo, kisha vya mzazi wako na vyako, uombe kuandikishwa kwenye daftari la Ireland la waliozaliwa nje ya nchi. Moto wa 1922 uliounguza hifadhi ya nyaraka Dublin usikukatishe tamaa. Vyeti vya kuzaliwa, ambavyo vinaanzia 1864, havikuwamo. Na sensa za 1901 na 1911 zinasomeka bure mtandaoni: unaikuta nyumba nzima, umri wa kila mtu, dini yake, nani anajua kusoma. Ila usichelewe, maana uraia unaanza siku ya kuandikishwa, na mtoto aliyezaliwa kabla ya hapo haupati kupitia kwako.

Italia zamani ilikuruhusu kurudi hadi kwa babu wa babu. Tangu Machi 2025 mlango umebanwa: kwa kawaida unayedai uraia kupitia kwake awe mzazi, babu au bibi, tena mwenye uraia wa Italia pekee, au aliyekuwa nao pekee hadi kufariki. Kumbukumbu ziko kwenye manispaa ya kila mji, hivyo kujua tu kwamba "alitoka Sicily" hakutoshi, lazima uujue mji wenyewe. Halafu kuna majina: Giuseppe wa cheti cha kuzaliwa ndiye Joseph wa cheti cha ndoa cha New York, na ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha hilo.