Gereji ya dizeli Makorora: gari inapimwa kwanza, spana baadae

Wenye dizeli za zamani hapa Tanga, hasa hizi Toyota Prado na Surf za injini ya 1KZ, naomba mnisome mpaka mwisho maana hela mnazopoteza kwa kubadilisha vitu vizima ni nyingi mno na zinaniuma hata kama sio zangu. Nimepeleka gari kwenye gereji moja ndogo Makorora, haina hata kibao, we ukifika uliza kwa mzee wa pampu utaonyeshwa, na nimetoka nimeridhika kiasi kwamba nimeona nieleze walichofanya hatua kwa hatua.

Gari yenyewe ni Prado KZJ95 namba B, injini 1KZ-TE, ile ya lita 3 yenye turbo (inayosukumia hewa ndani ya injini) na pampu ya dizeli inayoongozwa na kompyuta. Nilinunua kwa mtu Dar, imetumika sana lakini bodi nzuri na haimwagi oili. Barabara ya tambarare huioni tatizo lolote, Tanga mpaka Segera unatembea vizuri kabisa, ila subiri ufike Mombo uanze kupanda kwenda Soni, kona chache tu za mwanzo gari inaanza kuchoka, unakanyaga mafuta mpaka chini haiongezi kitu, unavuta gia mpaka kwenye 2 bado inajikongoja, fuso zinazopanda kufuata kabichi Lushoto zinakupita huku zinapiga honi. Ukipaki pembeni ukazima kidogo halafu ukawasha inarudi na nguvu zake zote, unafurahi, unapanda kilomita mbili tatu, inachoka tena palepale. Hiyo habari ya kupumzika na kurudi ishikeni, ndio iliyomaliza kesi nzima.

Kabla ya hapo nilishapita kwa mafundi wengine mjini, siwataji. Wa kwanza alichomeka mashine yake ya kupimia ikakataa kusoma (hizi gari za soko la Japani za miaka ile mashine nyingi za kisasa haziongei nazo) basi akaamua turbo imekufa. Turbo! Hajaigusa hata kwa kidole. Wa pili akasema pampu, akanitajia milioni moja na laki nane kwa pampu ya mtumba, na akataka nimwachie nusu ya hela siku hiyohiyo ili aanze kufungua. Ukimuuliza amejuaje anakwambia "hizi 1KZ ugonjwa wake ndio huo". Kweli 1KZ zina magonjwa yake, silinda hedi yake (kile kipande cha juu ya injini) ni ya aluminiamu na ikichemka inapasuka kati ya valvu, hilo kila mtu analijua, lakini ugonjwa wa jirani sio lazima uwe wa kwako jamani, kuna kupima.

Sasa Makorora. Nimefika asubuhi, nikamwamkia mzee, hakukimbilia boneti. Alikaa kwenye tairi la Scania akaanza kuniuliza maswali. Inachoka ikiwa ya moto tu au hata ya baridi? Inachoka tanki likiwa limejaa au likiwa chini? Ukikanyaga mafuta mpaka chini pale mlimani inatoa moshi gani? Nikamwambia mzee wangu kusema ukweli haitoi moshi wa maana. Akatingisha kichwa. "Basi mafuta hayafiki. Ingekuwa hewa ndio haifiki, turbo mbovu au ea klina, chujio la hewa, imeziba, ungeacha wingu jeusi nyuma hadi watu wakutukane." Yaani kwa swali moja turbo ya laki tisa tumeiweka pembeni, na mimi huko nyuma nilishaanza kuitafutia bei.

Hata hivyo hakuishia kwenye maneno. Alimwambia kijana wake afungue paipu ya hewa inayoingia kwenye turbo, akanishika mkono akasema shika mwenyewe hii shafti. Izungushe, inazunguka laini. Isukume pembeni, inacheza kidogo sana, hiyo ni kawaida maana ndani inaelea kwenye oili. Ivute mbele na nyuma, haichezi kabisa. Ingecheza mbele na nyuma au mapanga yangekuwa yamekwaruza ukuta hapo tungeongea mengine. Halafu akachukua kipande cha waya akaunganisha matundu mawili kwenye soketi ya kupimia, akafungua swichi bila kuwasha injini, tukatazama taa ya injini kwenye dashibodi. Kukiwa na kosa limehifadhiwa inawaka kwa mafungu, mara kadhaa inatulia halafu mara kadhaa tena, unahesabu unapata namba ya kosa. Yangu iliwaka harakaharaka mfululizo bila kupumzika, maana yake kompyuta haina inachokilalamikia. Waya wa bure huo, na umetoa jibu ambalo mashine ya yule mwingine ilishindwa.

Hapa ndipo pananifanya niwasifie. Alikata mpira wa mafuta unaotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu akaweka katikati kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, akafunga klipu, tukawasha. Kwenye sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyagwa, mafuta yanapita safi kama kawaida. Kijana akapandisha resi akashikilia, na mimi nimeinama naangalia, mara vikaanza kuja vipovu, kimoja, viwili, halafu msururu mzima, na injini ikaanza kumisi, kukatakata, palepale. Mzee akanieleza kwamba gari hii haina pampu ya umeme kwenye tanki, pampu ya mbele ndio inavuta mafuta yenyewe kutoka nyuma kule, sasa njia ikibanwa sehemu inavuta kwa nguvu zaidi, na penye mpira uliochoka au klipu iliyolegea panaingiza upepo. Ndio maana haivuji hata tone chini, kitu kinaingia badala ya kutoka, utamulika na tochi mpaka uchoke.

Akataka uhakika. Akaleta kidumu cha lita tano cha dizeli safi, akakifunga kwa kamba ndani ya boneti pembeni ya betri, akatoa mpira wa kwenye tanki akachomeka wa kidumu, akasukuma ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka ikawa ngumu, upepo umetoka, tukaingia barabarani tukaelekea Pongwe. Jamani. Gari ni nyingine. Ameikanyaga mpaka chini inavuta bila kusita. Tukarudi, akasema pampu yako nzima, nozo zako (zinazopuliza mafuta ndani ya injini) sizifungui maana hazijanikosea kitu, twende kwenye tanki.

Tanki likashushwa. Lile chujio la kwenye mpira wa kuvutia lilikuwa limevaa uchafu mweusi unaoteleza kama ugoro uliolowa, ukiupangusa na kidole unabaki kwenye kucha. Hiyo inatokana na maji yanayokaa chini ya tanki, pale maji yanapokutana na dizeli kuna vijidudu vinaota, na huku kwetu pwani hewa yenyewe ina unyevu, tanki likikaa nusu muda mrefu maji yanajitengeneza. Sasa mlimani unavuta mafuta mengi, uchafu unanyonywa unagandia chujio, gari inachoka. Ukizima mvutano unaisha, uchafu unaachia unadondoka chini, ukiwasha unapata nguvu tena. Si mmeona? Kila nilichomwambia mwanzoni pale kwenye tairi kilikuwa na maelezo yake. Na mpira wa juu ya tanki ulikuwa na ufa mdogo chini ya klipu, huo ndio ulioleta vipovu.

Wameosha tanki, wamepuliza njia yote kwa kompresa, mipira mipya, filta mpya. Ufundi wote pamoja na upimaji laki moja na thelathini, filta na mipira nimenunua mwenyewe Ngamiani. Linganisha na milioni moja na laki nane. Nimeshapanda nayo mpaka Lushoto, nyuma imejaa watu na magunia, haikuniuliza kitu.

Nikiwa nasubiri niliona pia walivyofanya Land Cruiser mkonga ya shamba moja la mkonge, injini 1HZ, hiyo yenyewe ilikuwa inatoa moshi mweusi na inakula mafuta. Wametoa nozo zote sita wakazifunga moja moja kwenye mashine ya mkono, unasukuma mpini nozo inatema. Nozo nzima inatema ukungu mwembamba na mlio wa kukoroma, mbovu inakojoa mstari na mwishoni inabaki na tone linaning'inia kwenye ncha. Dereva aliitwa aangalie mwenyewe zipi mbovu kabla hazijabadilishwa, na zilizokuwa nzima zikarudishwa. Mafundi wangapi hapa mjini wanakurudishia kitu kizima?

Mabaya yapo pia niyaseme. Sehemu ni ndogo na kivuli hakuna, mnabanana na magari ya watu. Simu hawapokei, nadhani kwa sababu mikono muda wote ina oili, lakini mteja wa Muheza au Pangani anatoka mbali, kumpokelea simu ni muhimu. Foleni ndefu, usitegemee kuingia asubuhi utoke mchana, na Ijumaa wakienda kuswali kazi inasimama mpaka baadae. Umeme wa gari na AC hawagusi, wanakwambia wazi nenda kwingine, mi hilo nimelipenda ila wewe mwenye haraka ya kumalizia kila kitu sehemu moja litakusumbua. Na siti yangu ya mbele ilinuka dizeli wiki nzima, wangeweka hata gazeti.

Kitu kingine mzee alinisisitizia sana, haya mafuta ya vidumu ya pembeni ya barabara yanayouzwa bei ya chini kidogo kuliko sheli. Pampu ya aina hii inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani, haina oili yake, kwa hiyo mtu akichanganya mafuta ya taa unakuwa unaisaga pampu yako taratibu, na hapo ndio ile milioni na ushee inakuwa ya kweli. Pia chini ya filta kuna skrubu ya kutolea maji, ilegeze mara kwa mara ukinge na chupa inayoonyesha, maji yanakaa chini dizeli juu, ukiona inatoka dizeli tupu unafunga.

Ukitaka kwenda nenda mapema, beba filta mpya kabisa ya kwako, na usijaze mafuta kabla. Robo tanki inatosha, maana likija kushushwa limejaa wanaanza kutafuta madumu ya kuhamishia na foleni yote nyuma yako inasimama.