Hela ya burudani wikiendi hii Dar: ianzie wapi?

Ijumaa ikifika matangazo ni mengi na mfuko ni mmoja. Hapa nimepanga kwa kipimo kimoja tu: raha unayopata kwa hela yako, ukishajumlisha kinywaji na nauli ya kurudi usiku. Bei hubadilika kila mara, kwa hiyo piga simu ukumbini kabla hujatoka.

1. Bendi ya dansi

Hapa sina mjadala. Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz, na Mlimani Park "Sikinde", iliyozaliwa 1978, bado ndizo kipimo cha dansi la Dar. Kwa kawaida kiingilio hakiumi, na muziki unakwenda mpaka usiku wa manane. Usifike saa mbili ukadhani umewahi. Saa hiyo vijana ndiyo kwanza wanaunganisha nyaya. Nenda saa nne, utafute meza upande wa wapulizaji, mbali na spika kubwa. Wimbo utaanza taratibu, mwimbaji akisimulia masaibu ya ndoa au ya kazini, halafu magitaa yanachemka na meza zote zinabaki na chupa peke yake. Ndipo atatokea mzee kutoka nyuma, ataserebuka hadi jukwaani na kumbandika mpiga tarumbeta elfu tano kwenye paji la uso. Tarumbeta haitikisiki.

Siku bendi hizi mbili zinapopambanishwa jukwaa moja, lipa hata kama kiingilio kimepanda. Watani wa jadi wakikutana hakuna anayepiga nyimbo za kujazia muda.

2. Taarab

Ingekuwa ya kwanza kama si kutunza, yaani kumpa mwimbaji noti akiwa anaimba. Kiingilio ni mwanzo tu. Wimbo ukikugusa, au ukimgusa jirani yako unayetaka aupate ujumbe, utainuka na noti mkononi. Vunja hela kubwa nyumbani, maana ukumbini hakuna anayekurudishia chenji. Dar utakuta zaidi taarab ya kisasa, ya kinanda na mipasho. Ukivuka kwenda Unguja, uliza Nadi Ikhwan Safaa, kikundi cha tangu 1905, au Culture Musical Club ya 1958. Ukishasikia ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na fidla zikijibizana, spika za ukumbi wa Dar zitakukera kwa wiki nzima.

3. Muziki wa kwenye simu

Ni rahisi, lakini watu humwaga bando bure. Video inacheza YouTube na simu iko mfukoni, unamchezea nani? Sauti peke yake, kwa kilobiti 96 kwa sekunde, hula kama MB 43 kwa saa; video hula mara nyingi zaidi ya hapo. Pakua nyimbo kwenye waifai ya kazini, usikilizie kwenye daladala. Kabla hujalipia Boomplay au Spotify kwa mwezi mzima, tafuta kwanza majina matano unayoyapenda. Programu isiyo na singeli ya mtaani kwenu wala dansi la zamani la baba yako, achana nayo.

4. Filamu

Sinema ya Mlimani City ina kiyoyozi na sauti nzuri, ila bisi na soda zinaweza kuzidi tiketi. Kula kabla ya kwenda. Kibanda umiza, lile banda la video la mtaani, ni bei ya chini kabisa, benchi ni gumu na joto ni lako, lakini unapata mtafsiri anayemsemea shujaa wa Hong Kong kwa Kiswahili cha Manzese. Sanaa hiyo, iliyokuzwa na mtafsiri marehemu Lufufu, huchekesha kuliko filamu yenyewe.

5. Tamasha kubwa la nyota

Tiketi ni ghali, foleni ni ndefu, na nyota anapanda jukwaani saa nane usiku. VIP mara nyingi ni kiti cha plastiki kilichovishwa kitambaa. Ruka.

Ninayoisamehe ni Sauti za Busara, inayofanyika Unguja karibu kila Februari tangu 2004 (mwaka 2016 iliahirishwa), na kitovu chake kwa miaka mingi ni Ngome Kongwe. Anza kuweka akiba Novemba, ukate tiketi ya boti na chumba mapema kwa sababu Mji Mkongwe hujaa. Beba na kitambulisho, kwani bei ya Mtanzania ni ndogo kuliko ya mgeni.