Kozi ya MBSR ya wiki 8: taamuli ya Kibudha iliyovuliwa joho

MBSR (Mindfulness-Based Stress Reduction) ni kozi ya kupunguza msongo kwa kuzoeza usikivu wa hapa na sasa. Jon Kabat-Zinn aliianzisha mwaka 1979 katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wa maumivu sugu. Yeye alifundishwa Zen, tawi la Ubudha linalokazia taamuli, na Seung Sahn, mtawa kutoka Korea, lakini darasani hukuti sanamu, ubani wala kusujudu. Kuna kipindi kimoja kwa wiki, cha saa 2 na nusu hivi, siku nzima ya ukimya baada ya wiki ya 6, na mazoezi ya nyumbani ya dakika 45, siku 6 kwa wiki.

Hizo dakika 45 ndizo kozi yenyewe. Anayehudhuria vipindi vyote bila kuzifanya ataondoka na maelezo tu.

Zoezi la kwanza kubwa ni kuupitia mwili: unalala chali, unaelekeza usikivu kwenye vidole vya mguu wa kushoto, kisha unapanda polepole hadi utosini. Wengi huharibu hapa kwa kulifanyia kitandani usiku, na kabla ya kufika magotini wameshasinzia. Tandika mkeka sakafuni, fanya mchana, na macho yakilemea yafumbue. Kosa jingine ni kuvizia utulivu. Mgongo ukiuma, kazi ni kuhisi maumivu yanavyopanda na kushuka. Anayesubiri raha huacha mapema akidhani ameshindwa, kumbe alikuwa ndiyo kwanza anaanza.

Aliyepitia ukatili au ajali mbaya amweleze mwalimu kabla ya siku ya kwanza. Kwake, kufumba macho na kuchunguza mwili kunaweza kufufua tukio zima. Afumbue macho, akanyage sakafu, asikilize sauti za nje badala ya pumzi.

Lililoachwa nyuma ni maadili. Kwenye kozi za siku 10 za S. N. Goenka, mwalimu wa taamuli ya Kibudha, mshiriki huanza kwa kuahidi kushika amri tano za Kibudha, kama kutoua na kutoiba, na gharama hulipwa kwa sadaka za waliokwisha kumaliza. MBSR hutoza ada na haidai ahadi yoyote. Kwa hospitali inayopokea watu wa kila dini, uamuzi huo naona ulikuwa sahihi. Tatizo huja mbinu hizihizi zinapopelekwa maofisini ili wafanyakazi wavumilie mzigo ambao ungepaswa kupunguzwa.

Kabla ya kulipa, muulize mwalimu kama yeye mwenyewe hukaa katika taamuli kila siku, na kama huzungumza na kila mshiriki faraghani kabla ya kumpokea. Akijibu hapana kwa lolote kati ya hayo, tafuta mwingine.