Ndoano ya mzunguko kwa glaida ndogo: ya kununua na ya kujitengenezea

Nianze na hukumu, maana najua wengine mtasoma aya moja tu. Ndoano niliyoinunua, ile inayoshika mshipi wa kuivutia glaida juu, imechongwa vizuri kuliko chochote ninachoweza kufanya kwa tupa na msumeno wa chuma, lakini kwa glaida yangu haikufaa kitu mpaka nilipoifungua na kuitoa springi iliyokuja nayo.

Glaida yenyewe ni ndege ya mfano ya daraja la mashindano liitwalo F1H: eneo la mabawa lisizidi desimita za mraba 18, uzito usipungue gramu 220, mshipi wa kuivutia usizidi mita 50. Haina injini wala rimoti. Unakimbia nayo kama mtoto na tiara, inapanda mpaka iwe juu ya utosi wako, unaiachia, basi tena. Ikikuta hewa ya joto inayopanda, inakaa. Isipoikuta, mara nyingi inashuka kabla ya kutimiza dakika 2, ambazo ndizo kikomo kinachohesabiwa mashindanoni. Mimi huirusha asubuhi zisizo na upepo huku Oxford, pale Port Meadow, uwanda wa majani kando ya mto Thames. Hapo unagawana uwanja na ng'ombe na farasi, na wakati wa baridi nusu yake huwa ziwa.

Ndoano ya kawaida ni waya uliopinda tu. Ukilegeza mshipi, pete iliyo mwishoni mwake inachomoka, kwa hiyo hewa mbaya ukiikuta ni yako. Ndoano ya mzunguko, ambayo ilienea kwa washindani miaka ya 1970, inakupa nafasi ya kusubiri. Ukivuta, ndoano inasogea mbele, uzi unaokwenda mkiani unaunyoosha usukani, ndege inapanda moja kwa moja. Ukilegeza, springi inairudisha nyuma, usukani unalala upande, ndege inazunguka juu yako huku bado imefungwa, kwa sababu komeo limeziba mdomo wa ndoano. Unatembea nayo hivyo hivyo, hata robo saa ukitaka. Ukiridhika na hewa unakimbia na kuvuta kwa nguvu, komeo linafyatuka, na mshipi ukilegea tu pete inatoka, usukani unakaa kwenye mzunguko wa kushukia, na saa ndogo, ile ambayo muda ukiisha huinua ukingo wa nyuma wa mkia ili ndege ishuke, inaanza kwenda.

Nimekulia Tanga, nimevua kwa mshipi wa mkono tangu sijaanza shule, na nawaambia kidole kinachosikia samaki changu akidonoa ndicho hicho hicho kinachosikia hewa. Ndege inazunguka, mshipi mwepesi, mwepesi, halafu upande mmoja wa duara unakuwa mzito kidogo. Hapo ndipo pa kusogelea. Tofauti ni kwamba huku samaki yuko juu, na ukimpata unamwachia.

Sasa bidhaa. Nililipa pauni 38 kwa fundi mmoja wa Ulaya ya Mashariki anayeuza kwa posta. Ilikuja ndani ya kikopo cha filamu, gramu 11, bamba la alumini, ndoano ya chuma kigumu, skrubu tatu za kurekebisha usukani: ya kupanda, ya kuzunguka na ya kushuka. Matundu safi, hakuna kona inayokwaruza uzi. Maelezo yalikuwa karatasi moja yenye mishale. Mpaka hapo sina neno.

Siku ya kwanza ilipanda vizuri, ikazunguka vizuri, nikapata hewa, nikakimbia. Haikufyatuka. Nikakimbia tena, nikavuta mpaka mabawa yakapinda kama upinde, nikaogopa nikalegeza. Farasi wawili wakaacha kula kunitazama. Mwisho niliishiwa pumzi, ndege ikashuka na mshipi wake wote ikaketi kwenye tope.

Nilimwandikia muuzaji. Baada ya wiki mbili alijibu kwa maneno mawili: vuta zaidi.

Nyumbani nikaibana ndoano kwenye jiliwa, nikaifunga mizani ya mkono, ile ya kupimia mabegi ya safari, nikavuta taratibu. Komeo lilifyatuka kwenye kilo 4.2. Hapo nikaelewa. Ile springi ya komeo ni ya glaida kubwa za daraja la F1A, zenye uzito wa kuanzia gramu 410 na mabawa ya kaboni. Mvuto wa mshipi unakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kuufikisha kilo nne kwa bawa dogo la balsa, mbao nyepesi, unahitaji mbio ambazo miguu yangu haijawahi kuwa nazo, na ningezipata, mti wa bawa ungekatika kabla ya komeo kusikia.

Nikatoa springi, nikaweka ya kalamu ya wino. Kilo 0.9. Nikajiona fundi. Kesho yake upepo mdogo tu ulipiga, ndege ikiwa bado inapanda, tik, komeo likafunguka lenyewe, pete ikatoka kwenye kimo cha mnazi. Ilitua salama, lakini saa ilikuwa haijatimiza hata sekunde 30.

Mzee mmoja Mwingereza anayekuja pale na kiti chake cha kukunja aliangalia, akasema weka mbili, moja ndani ya nyingine. Sikuamini, nikajaribu. Ya kalamu nyembamba ndani ya ya kalamu nene, nikakata pingili moja moja huku napima, kata, pima, kata, pima, mpaka ikatulia kwenye kilo 1.8. Mara kumi mfululizo, tofauti isiyozidi gramu mia. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli lilisaidia kuliko nilivyodhani. Kabla yake namba zilikuwa zinarukaruka.

Baada ya hapo nikatengeneza ya pili mwenyewe kwa glaida nyingine. Bamba la alumini la milimita 1.5, ndoano kutoka kwenye spoku ya baiskeli, kijibomba cha shaba, skrubu za M2. Siku mbili za Jumamosi na vidole vyenye plasta. Ina gramu 14 na sura mbaya, ila inafyatuka sawasawa na ile ya pauni 38.

Kilichonisumbua zaidi kwenye zote mbili ni uzi wa usukani, na hakuna aliyenionya. Nilitumia nailoni ya kushonea. Asubuhi yenye umande nailoni inanyonya maji, inalegea, na usukani ulioupanga mezani jikoni kuwa wima unakuwa umelala kidogo uwanjani. Kidogo hicho kinatosha: ndege ilikuwa inavutwa kushoto kama mbuzi anayeburutwa sokoni. Nikazungusha skrubu, ikanyooka. Jua lilipotoka ikaanza kwenda kulia. Nilipoteza wiki tatu nikiilaumu ndoano. Nimeweka uzi uliosukwa wa kuvulia, ule usionyumbuka, na tangu hapo skrubu ya kupandia sijaigusa. Ya kuzunguka ndiyo naigusa, robo zamu kwa wakati, nikianza na duara kubwa. Duara dogo linapendeza macho ila ndege inapoteza kimo na mshipi unalegea mno.

Mahali pa ndoano chini ya kiwiliwili nako kuna la kusema. Niliiweka karibu mno na kitovu cha uzito nikitaka ipande kwa kasi, ikawa inayumba ovyo kila nikivuta. Kuisogeza milimita tatu mbele kulimaliza ubishi.

Kwa hiyo, kama una F1A, inunue, ifunge, nenda karushe. Kama glaida yako ni ndogo, inunue ukijua kwamba springi utaitafuta mwenyewe, au chukua spoku na tupa. Muuzaji nampa nyota tatu kwa kazi ya mikono na sifuri kwa barua yake. Bado sijapata dawa ya tope: kila ikitua upande wa mtoni, mchanga unaingia kwenye komeo, na kabla ya kuirusha tena inabidi nipige magoti nikaipulize kama mtu anayewasha jiko la mkaa.